Kamera ya jeep ya polisi "ilikufa yenyewe": mnaizuiaje?

FundiWaya (Lubumbashi)
Jumanne, saa 3 usiku

Wandugu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, niko Kamalondo. Kiswahili changu ni cha Lubumbashi, wale wa Dar na Zanzibar mtanivumilia.

Swali hili limeletwa na mtoto wa dada yangu. Anasoma sheria hapa UNILU, chuo kikuu chetu, yuko kwenye kazi ya kumalizia masomo, na amechagua kuandika juu ya kamera za ndani ya magari ya polisi: jeep zetu zikipewa kamera siku moja, zitakuwaje ushahidi wa kweli na si pambo. Profesa alisoma kurasa za kwanza, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu maneno matatu: "Na wakiichomoa je?" Kijana akaja kwangu na karatasi mkononi. "Mjomba, mambo ya kuchomoa unayajua wewe."

Hakukosea. Miaka 9 sasa kazi inayoniletea bukari (ugali wetu) mezani ni kufunga kamera na GPS kwenye malori yanayobeba shaba kutoka Kolwezi na Likasi kuteremka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nafunga leo, wiki mbili haziishi lori limerudi, tajiri amefura, dereva anatazama viatu vyake: "Papa fundi, ile kamera ilikufa yenyewe." Nimeisikia sentensi hiyo mpaka imeingia nyumbani. Mke wangu akinikuta nimesinzia kwenye kiti huwaambia watoto kwamba baba yenu amekufa mwenyewe.

Haifi yenyewe. Kuna anayechomoa fyuzi. Huyo bado mwanafunzi, maana kifaa chenye betri yake ndani kinatoa taarifa dakika ileile kwamba umeme umekatwa. Kuna anayeifunga antena ya GPS kwa karatasi ya fedha ya kuchomea samaki. Kuna anayetoboa kipaza sauti kwa sindano, tundu ambalo bila miwani sikulioni: picha inabaki safi, watu wanafunua midomo tu kama kambale. Yupo mmoja alikuwa anaanika kitenge cha mkewe mbele ya lenzi, Likasi mpaka mpakani, mvua au jua. Lakini bingwa wao hakuvunja kitu. Kamera yake ilikuwa ya bei rahisi, haina GPS ya kuirekebisha saa. Yeye aliinyima umeme siku kadhaa mpaka kibetri cha saa kikaisha, tarehe ikarudi Januari mosi mwaka 2000. Ikawashwa, ikarekodi kila kitu, haina kasoro hata moja. Ila wizi wote aliofanya ulitokea akiwa bado shule ya msingi.

Na mimi mwenyewe yamenikuta. Gari langu nimelifungia kamera. Mwaka jana, kwenye njia panda moja ambayo siitaji, askari wa roulage, polisi wa barabarani, alifungua mlango akaketi kando yangu, kama ilivyo desturi. Akaona kitaa chekundu kinawaka juu ya kioo. Hakuuliza. Alinyoosha mkono taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka, akaigeuza kamera ikatazama paa. Akasema: "Sasa papa, tunaweza kuongea." Tukaongea, franka elfu kumi zikaniponyoka. Video ninayo hadi leo: dakika 11 za paa la Toyota, na sauti zetu zote mbili. Alisahau kwamba inasikia.

Sasa kijana kanionyesha kisa cha Los Angeles, na huko wenzetu hawakusahau. Kamera za magari zilianza upande wa kusini wa mji ule mwaka 2010. Picha inaanza yenyewe askari akiwasha taa za dharura. Sauti inatoka kwenye kifaa kidogo mkandani mwake, kinairusha mpaka garini, na gari lina antena za kuipokea. Mwaka 2013 wakaguzi wa polisi hao hao wakapita kwenye kituo cha Southeast, kile kinachosimamia Watts. Kati ya magari 80 hivi, karibu nusu hayakuwa na antena. Vituo jirani navyo vilikutwa na mengine. Gazeti la Los Angeles Times likaitoa habari mwaka 2014.

Nimekaa na antena hizo kichwani siku tatu. Ukikata waya wa umeme, chombo kinalalamika. Ukiziba lenzi, mwenye macho anaona. Antena ukiichomoa hakuna kinacholia. Sauti haifi, inafupishwa tu. Walisema umbali unaweza kupungua hata kwa thuluthi moja. Karibu na gari unasikika vizuri, ukimpeleka mtu nyuma ya nyumba umepotea. Ni kama mama wa mafuta ya mawese mwenye chupa ya tako nene: chupa imejaa, unaiona imejaa, na umeibiwa.

Na mkubwa wao, Charlie Beck, hakutafuta nani alichomoa. Gari moja hupita mikononi mwa watu wengi, zamu kwa zamu, utamkamata yupi? Wakatoa onyo, wakaweka utaratibu: antena zihesabiwe zamu ikianza na zamu ikiisha.

Basi swali. Mtu ana ufunguo wa gari, ana bunduki, ana usiku mzima mbele yake. Utamzuiaje asiiguse kamera inayomchunga yeye? Tafadhali msinijibu "nunua kamera bora zaidi". Hizo ndizo ninazouza.

---

MzigoMzito (Tunduma)
Jumanne, saa 4 usiku

Fundi shikamoo. Nimesoma nikaangalia nyuma kama hukunipiga picha. Mimi si wa kitenge, mimi nilikuwa wa karatasi ya fedha.

Nikupe ya upande wetu sisi wahalifu. Tajiri wangu wa kwanza alifunga kamera tatu kwa kila gari. Akaweka kufuli, akaweka lakiri yenye namba, akaapa kufukuza mtu. Tuliziua zote, na lakiri tukajifunza kuzirudishia. Ulikuwa mchezo, sikufichi. Yeye anafunga, sisi tunafungua.

Tajiri wa pili hakuweka hata kufuli. Alituita ofisini, akatupa chai, akasema: posho ya safari nitahesabu kwa kilomita ambazo kamera imeziona. Ambayo haikuonekana hukuiendesha, na mafuta yake umekunywa wewe. Sitamwuliza mtu nani kachomoa. Kwaherini.

Nakuapia Fundi, tangu siku ile nikifika Nakonde nanunua maji ya chupa nipanguse lenzi. Vumbi likikaa kwenye kioo roho inaniuma kama vumbi la mboni yangu. Waya ukilegea napiga simu mwenyewe kabla sijaiona Mpika. Madereva wazima tukawa tunagombana kituoni nani kaegemea antena ya mwenzake.

Polisi sijui mtawakata posho gani.

---

BintiRuashi (Aurora, Colorado)
Jumatano, saa 11 alfajiri ya huko kwenu

Papa Fundi, jambo. Mimi mtoto wa Ruashi, hapo hapo Lubumbashi, nyumbani ni karibu na soko. Tulipofika Marekani tulianzia Chicago, sasa tuko Aurora, kwa hiyo nina visa viwili, na vyote nimevipitia kwa karibu kuliko nilivyotaka.

Chicago, Oktoba 2014. Askari Jason Van Dyke alimpiga Laquan McDonald, kijana wa miaka 17, risasi 16. Ripoti za askari zilisema kijana aliwajia na kisu. Video ya gari la polisi ilikaa imefungiwa miezi 13, mpaka hakimu akaamuru itoke, Novemba 2015. Sisi tulikuwa tumekaa kwa jirani, sahani magotini, tukaona kijana anatembea akienda zake pembeni. Hakuwajia. Video hiyo ndiyo iliyomfikisha askari kortini, na mwaka 2018 akakutwa na hatia ya mauaji ya daraja la pili.

Lakini ile unayosema ya kambale ndiyo tuliyoiona: picha bila sauti. Magari yalikuwa zaidi ya moja pale barabarani, hakuna hata moja lililotoa sauti ya maana. Gari mojawapo vipaza sauti vyake vilikuwa ndani ya kijidroo cha dashibodi, betri zimegeuzwa kichwa chini. Polisi wakakagua kamera zao za magari: asilimia 80 hazikuwa zinarekodi sauti. Papa, hiyo si sindano ya dereva mmoja. Hayo ni mazoea ya nyumba nzima, na wakubwa walikuwa wanakula humo humo.

Aurora, Agosti 2019. Elijah McClain, miaka 23, anatoka dukani kununua chai, anasimamishwa. Askari watatu, kila mmoja na kamera kifuani. Zote tatu zilidondoka katika purukushani. Moja nitakubali. Mbili nitanyamaza kwa heshima. Tatu? Hata hivyo zilianguka zikiwa zinasikia, kama ya kwako ilivyotazama paa, na alivyosema hawezi kupumua tulimsikia. Alikufa siku chache baadaye.

Mwaka uliofuata, Juni 2020, jimbo la Colorado likapitisha sheria ambayo watu huku wanaiita SB 217. Ndani yake kuna kifungu nikikisoma namwona tajiri wa pili wa huyu kaka wa Tunduma. Askari aliyepaswa kuwasha kamera ya kifuani au ya gari asiiwashe, au akaichezea, basi anayechunguza anaruhusiwa kuchukulia kwamba ile picha isiyokuwepo ingeonyesha kosa la askari. Kesi ya jinai dhidi ya askari mwenyewe haimo; huko bado atathibitishiwa kosa kama mtu mwingine yeyote. Kwingine kote pengo linaweza kumsema aliyeliacha. Na mtu akilalamika, picha zikiombwa zinatakiwa zitolewe kwa umma ndani ya siku 21, ila kama kuna sababu ya kusubiri.

Mwambie mtoto wa dada yako aitafute, asome kifungu chenyewe, asinukuu mimi. Mimi nafanya kazi ya kuangalia wazee, sheria naisoma kwenye basi.

---

MzeeKampemba (Lubumbashi)
Jumatano, saa 1 jioni

Fundi, mimi sare ile niliivaa miaka 27. Sasa nafuga kuku. Mnaongea juu yetu kama tunazaliwa na koleo mkononi.

Nikuulize. Hiyo jeep unayotaka kuifungia kamera umeiona? Ya kwetu ilikuwa inasukumwa na watu wanne kila asubuhi ndipo iwake. Petroli tulikuwa tunaiomba. Antena ya juu, kwa barabara zetu za Katuba wakati wa mvua na matawi ya miembe, ingemaliza mwezi? Wewe na dada wa Colorado mnasema pengo ni kosa. Vema. Panya akikata waya, atakayelipa ni yule mtoto wa cheo cha chini aliyepewa ufunguo usiku ule, na komanda atakuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Nimeyaona. Taa ya jeep ilipasuka mwaka fulani, wakamkata mshahara mtu aliyekuwa amelazwa hospitali.

Kuvunjika si kosa. Kosa ni kuvunjika halafu kusiandikwe.

Na hilo kwetu tunalijua tayari, ila si kwa kamera. Kwa bunduki. Askari akipokea zamu anapokea silaha kwa namba na risasi kwa hesabu, mwenzake anasimama pale, wote wawili wanatia sahihi kwenye kaye, daftari la zamu. Risasi moja ikipungua kituo kizima hakilali. Hata aliyeko likizo ataitwa. Hakuna anayesema "risasi ilitoka yenyewe." Kamera iandikwe kwenye kaye ileile, mstari wa chini ya risasi, si kwenye daftari lake pekee linalofungiwa kwenye droo. Picha inaonekana? Sauti inasikika? Antena iko? Sahihi mbili. Ukipokea mbovu ukaandika mbovu, umepona. Ukiandika nzima na asubuhi ikakutwa mbovu, eleza.

Hiyo ya Los Angeles ya kuhesabu antena sioni kama ni udhaifu. Yule mkubwa alikosa kutafuta wakosaji wa nyuma, hapo sikubaliani naye, lakini kuhesabu kwa zamu ni kazi ya kipolisi hasa.

Sasa langu. Mnatazama chini tu, kwa mwenye ufunguo. Picha zikishafika kwenye kompyuta ya ofisi, nani anamchunga mwenye ofisi? Mtu wa chini huchomoa waya. Mtu wa juu hana haja ya koleo, anasema tu kompyuta imeungua kwa délestage, huku kukatwa-katwa umeme, na kwa SNEL yetu hii, shirika la umeme, nani atambishia?

Na msisahau, mimi mara mbili nilisingiziwa kwamba nimekula pesa za raia. Mara zote mbili ningekuwa na kamera ningelala nyumbani kwangu. Mara ya tatu, hiyo nisingeitaka. Nimezeeka, naweza kusema.

---

MaîtreLikasi (Likasi)
Alhamisi, saa 6 mchana

Mzee Kampemba amegusa jipu. Niongeze mawili, nina kesi saa 8.

Kwetu askari polisi akishtakiwa, kwa kifungu cha 156 cha Katiba, anakwenda mbele ya mahakama za kijeshi. Raia wangu anapolalamika, faili inaanzia kwa auditora wa kijeshi, yaani mwendesha mashtaka wao. Maana yake picha ikibaki kituoni, mimi naiomba kwa watu walewale ninaowalalamikia. Mwambie mwanafunzi asiandike "picha zihifadhiwe salama". Aandike: zihifadhiwe na nani, jengo gani, ufunguo kwa nani. Profesa atamwuliza, na asipoulizwa na profesa ataulizwa na maisha.

La pili, tangu Machi 2023 tuna Code du numérique, sheria ya mambo ya dijitali, na ushahidi wa kielektroniki umo. Asome humo, na asome pia mambo ya data za watu binafsi, kwa sababu kamera ya jeep haipigi picha polisi tu. Inampiga mama aliyevuliwa kitambaa, inampiga mtoto, inaingia uani kwa watu. Nani anaruhusiwa kuangalia?

Fundi, swali la mjinga: nikiletewa video kortini nitajuaje haijakatwa katikati?

---

FundiWaya (Lubumbashi)
Alhamisi, saa 4 usiku

Maître, swali lako si la mjinga, ndilo nililopenda kuliko yote, kwa hiyo naanza nalo.

Video kwenye kompyuta ni namba tu, mamilioni. Kuna hesabu inayozipitia zote, mwanzo mpaka mwisho, ikatoa mstari mmoja mfupi wa herufi na tarakimu, kama alama ya kidole gumba kwenye kadi ya uchaguzi. Ukiikata video hata nusu sekunde, ukibadilisha doa moja la rangi, mstari unaotoka ni mwingine kabisa, haufanani hata kwa mbali. Kwa hiyo si lazima auditora apokee video zote usiku uleule. Kwa intaneti yetu hazitafika. Kisanduku kinatuma mstari ule tu, mwepesi kama SMS. Miezi sita baadaye unaletewa video, unaipitisha kwenye hesabu ileile, unalinganisha na mstari uliotumwa siku ya tukio. Vikifanana, hakuna aliyeigusa. Visipofanana, simama uongee, Maître, hapo ndipo unapolipwa. Na kwa komanda ambaye kompyuta yake inaungua kila délestage: mstari ulishaondoka, kwa hiyo tunajua video ilikuwepo. Hawezi tena kusema haikurekodiwa. Atasema imepotea mikononi mwake, na hiyo ni sentensi nyingine.

Mzee Kampemba, heshima yako. Nilikuwa nimekasirika kidogo nilipokusoma, mke wangu akasoma naye akasema mzee ana haki. Ana haki. Ile ya mstari wa chini ya risasi nimemtumia kijana usiku uleule, akanijibu saa 7 kwamba sura yake ya tatu imepona.

Ila niseme kitu kama fundi. Kaye ni mkono wa mtu, na mkono wa mtu huandika "nzima" huku umesinzia. Nataka chombo kiandike na chenyewe. Kila dakika kijipime kiweke mstari: umeme upo, kipaza sauti kinasikia, lenzi haina giza, antena ipo. Ndiyo, antena. Kipokezi kinaweza kupeleka mkondo mdogo kwenye waya wa antena, mkondo usipopita unavyotakiwa kinajua mwisho wa waya hakuna kitu. GPS nyingi ninazofunga zinafanya hivyo, na zinaniambia "antena imefunguka" kabla dereva hajarudisha bisibisi mfukoni. Kwa hiyo yale magari 40 hivi ya kule, kwa kipokezi cha namna hiyo, yangeweza kujisema yenyewe tangu siku ya kwanza. 

Umeme wake usipite kwenye kontakti, swichi ya ufunguo wa gari, utoke moja kwa moja kwenye betri, na ndani kuwe na betri ndogo ya kuendelea hata wakizima gari. Kisanduku cha kurekodi kikae nyuma ya kiti kwenye chuma, ufunguo usikae kituoni. Kadi ya kumbukumbu isiwe ya kuchomolewa kwa kucha. Saa yake ichukue majira kutoka satelaiti, nimeshaumia na ile ya mwaka 2000. Kuwaka kusingoje kidole cha askari: taa za juu zikiwaka, mlango wa nyuma ukifunguliwa, gari likigonga, ianze.

Na kuna kitu kijana alikileta ambacho sikukijua kinatumika kwa polisi, ingawa kwenye malori nimekifunga. Kamera inaweza kuwa inazunguka muda wote bila kuhifadhi, na ukibonyeza inahifadhi na zile sekunde zilizotangulia. Baltimore, mwaka 2017, ilitoka video ya kamera ya kifuani ya askari. Anaweka kifurushi kwenye takataka, anatoka barabarani, anabonyeza kamera, kisha anarudi "kukigundua". Hakukumbuka kwamba kamera inarudi nyuma sekunde 30, bila sauti. Yote yakaonekana. Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba kuna mtu alikuwa anafungwa kwa kifurushi kile.

Kuhusu wa kuangalia, Maître, hapo ufundi wangu umeisha. Naweza kufanya kila anayefungua video aache jina na saa, asiweze kufuta jina lake. Nani apewe ruhusa, hiyo ni kazi yenu wenye majoho.

Sasa kwa MzigoMzito. Nimekufikiria sana barabarani leo, nilikuwa natoka Kipushi. Miaka 9 nafunga kufuli. Matajiri wananilipa nifunge kufuli kubwa zaidi, na mimi sikuwaambia hata siku moja kwamba labda tatizo haliko kwenye kufuli, maana kufuli ninauza mimi. Tajiri wako wa pili aliacha kuuliza nani kachomoa, akafanya kamera iwe shahidi wa dereva: bila hiyo hulipwi. Kwa askari posho siwezi kuikata, haipo hata ya kukatwa, Mzee Kampemba shahidi. Lakini fikiria hivi. Askari anasema alimkuta mtu na bangi, anasema mtu alimtukana, anasema mtu alikimbia. Neno lake leo linaingia kwenye faili kama lilivyo. Siku hakimu atakapouliza "kamera ilikuwa hai wakati huo?" na kukiwa hakuna, na kwenye kaye hakukuandikwa mbovu, neno la askari lishuke uzito. Asifungwe, asikatwe kitu. Asiaminiwe bure tu. Nadhani huyo askari ataanza kuipangusa lenzi mwenyewe kabla ya zamu. Dada wa Ruashi, kama nimekuelewa, huko kwenu ndiko wanakoelekea.

Kijana ameuliza hili ni wazo langu au la dereva wa Tunduma, ili aandike kwenye shukrani. Nimemwambia aandike "watu wawili wa barabarani".

---

MzeeKampemba (Lubumbashi)
Ijumaa, saa 12 asubuhi

Aandike watatu. Na kuku wangu wa mayai wapo, mke wako akihitaji.

---

MzigoMzito (Tunduma)
Ijumaa, saa 5 asubuhi

Fundi, samahani naingilia mambo ya wasomi. Niko foleni Kasumbalesa upande wa Zambia, kesho navuka. Kamera yangu imezima tangu Chingola, na safari hii imekufa yenyewe kweli. Naapa kwa mama yangu. Posho yangu inayoyoma hapa.

---

FundiWaya (Lubumbashi)
Ijumaa, saa 5 na dakika kumi

Usiiguse. Nitumie picha ya antena kwanza.